Ng'ombe Wako Atarudi Nyumbani

Niliajiriwa katika ofisi ya mifugo mjini Singida miaka michache baada ya vita kwisha, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Nilikuwa nimetoka shule, na kijijini kwetu, upande wa Mungaa, hakuna aliyewahi kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti. Siku niliyokalishwa mbele ya mashine ya kupiga chapa nilishindwa kujizuia kutabasamu. Niligonga herufi moja, nayo ikaruka na kuipiga karatasi kama panzi. Nikagonga nyingine. Mlangoni tarishi, mtu mzima mwenye ndevu, aliniangalia, akatikisa kichwa na kwenda zake. Mchana huo niliandika neno "ng'ombe" mpaka karatasi ikajaa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mkuu, mzee wa pwani aliyeletwa bara na serikali. Alioa katika familia ya wafanyabiashara wa mjini na hakurudi tena kwao. Asubuhi alikuja na suruali iliyopigwa pasi. Jioni alipita sokoni kwa kanzu nyeupe, akisalimiwa na kila mwenye duka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata barua ya kuomba misumari ilikuwa raha kuitazama. Alinifundisha kuacha nafasi pembeni mwa karatasi, kuweka tarehe mahali pake, na kutochanganya mambo mawili katika barua moja.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "atakayeisoma hakuoni uso. Huwezi kumkonyeza. Kila kitu kiwe humo humo."

Nilimpenda sana. Nilichukua rasimu zake zilizotupwa kapuni, nikaenda nazo chumbani kwangu na kuzinakili ili mkono wangu ujifunze mwendo wa mkono wake.

Mkubwa wetu sote alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Mifugo. Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyoungua jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: leta, peleka, ngoja, haraka. Jambo refu alilisema kwa Kiingereza, na karani mkuu akaligeuza Kiswahili.

Mwaka huo kulikuja habari kwamba sotoka imeonekana kaskazini, mbele ya Kinyangiri. Anayeijua sotoka hahitaji kuelezwa. Ng'ombe anatokwa na machozi, mdomo unaoza, anaharisha mpaka anaanguka, na zizi lililokuwa limejaa linabaki na kwato na mainzi. Baba yangu aliiona akiwa kijana. Alipolitaja jina lake alishusha sauti, kana kwamba ugonjwa wenyewe ungeweza kumsikia.

Bwana Mifugo aliamua tuchanje ng'ombe wa Mungaa kabla ugonjwa haujashuka. Alisema kwa Kiingereza, karani mkuu akaandika tangazo, nami nikalipiga chapa kwa karatasi za kaboni, nakala juu ya nakala. Bado nalikumbuka. Lilianza hivi: "Wenye mifugo wote mnaarifiwa na kusisitiziwa ya kwamba, kwa mujibu wa sheria, mifugo yote itakabidhiwa kwa maofisa wa serikali kwa madhumuni ya kudungwa dawa ya kinga." Halafu ikafuata adhabu ya atakayekaidi, kwa sentensi ndefu kuliko zote. Nililisoma kwa sauti peke yangu na kusisimka. Niliona hivyo ndivyo serikali inavyopaswa kusema.

Tulifika Mungaa asubuhi ya siku iliyotajwa, Bwana Mifugo, karani mkuu na mimi. Wachanjaji walikuwa wamekwisha kujenga kichochoro cha miti cha kupitishia ng'ombe, mmoja nyuma ya mwingine. Sindano zilikuwa zimechemshwa. Bwana Mifugo alikunja mikono ya shati. Tukangoja.

Jua likapanda juu ya mawe, wala hatukusikia kengele ya ng'ombe hata moja. Baadaye alikuja mzee mmoja akimvuta kwa kamba ng'ombe mkongwe, mbavu nje, pembe moja imevunjika. Alimfunga kwenye mti mbele ya Bwana Mifugo.

"Huyu mchukueni," alisema kwa Kinyaturu. "Wengine sina."

Kisha akaondoka bila kumtazama tena. Bwana Mifugo aliniuliza mzee amesema nini, nami nikamweleza. Uso wake uliiva.

Nyumba ya shangazi yangu, dada wa baba, haikuwa mbali. Niliomba ruhusa nikaenda mbio. Nilimkuta uani kwenye tembe yake akipepeta uwele. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wake mwenyewe aliowatunza kama watoto, na zizi lake lilikuwa tupu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na wale?"

"Ndiyo. Shangazi, ng'ombe wako wapi?"

Aliendelea kupepeta. "Unaniuliza wewe au wanauliza wao?"

"Nauliza mimi. Tumeleta dawa. Sotoka inakuja."

Ungo ulisimama. "Dawa?"

"Dawa ya sotoka. Tangazo halikusomwa?"

"Lilisomwa barazani, nami nilikuwepo. Karani wa baraza alisoma kwamba ng'ombe wote watakabidhiwa kwa serikali. Kukabidhi si kumpa mtu kitu akae nacho? Wakati wa vita walitaka ng'ombe wa kulisha askari, tukawakabidhi. Walirudi? Hayo mengine ya mbele sikuyasikia. Watu walikuwa wamekwisha kuinuka kwenda kuwaficha porini."

Nilisimama pale nikiwa na jasho la mbio, na badala ya kuhuzunika nikasikia kitu kikinipanda kifuani. Kwa neno moja kijiji kizima kilikuwa kimehama na ng'ombe wake! Hakukuwa na ukaidi wala ushirikina, kama wachanjaji walivyokuwa wakinung'unika. Walichokifanya watu ndicho hasa walichokisikia. Na kama neno moja lina nguvu ya kuwapeleka ng'ombe wote porini, basi kuna neno jingine la kuwarudisha. Nilimbusu shangazi mkono, jambo ambalo hatukuzoea kwetu, akashangaa, nami nikarudi mbio zaidi ya nilivyokuja.

Njiani kurudi Singida, Bwana Mifugo alizungumzia askari. Angewaomba kwa mkuu wa wilaya, waingie porini na kuwaswaga ng'ombe kwa nguvu. Karani mkuu alikaa mbele naye. Mimi nilikuwa nyuma kwenye gari pamoja na masanduku, na maneno ya shangazi yalikuwa yananichoma ulimi.

Ofisini nilisubiri Bwana Mifugo aingie chumbani kwake, nikamweleza karani mkuu yote. Alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Kukabidhi," alisema. "Lakini ni neno sahihi. Nimesema itakabidhiwa kwa madhumuni ya kudungwa. Sentensi haina kosa."

"Haina, mzee wangu. Ila hawakuufikia mwisho wake."

Aliendelea kufuta miwani. Nilidhani amekasirika, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kumbe alikuwa anafikiri. Alivaa miwani, akavuta kiti chake mpaka mbele ya meza yangu na kukaa kama mwanafunzi.

"Huyo shangazi yako," alisema, "ukimwambia habari za kuchanja, atauliza nini kwanza?"

Sikuhitaji kufikiri. "Atauliza kama ng'ombe wake atarudi nyumbani."

"Basi tuanzie hapo." Alichukua karatasi safi. "Mwambie. Mwambie kwa Kinyaturu, kama vile yuko hapa. Mimi nitasikiliza sauti yako, kisha utanipa kwa Kiswahili."

Nikasema kwa lugha ya nyumbani, kwa aibu mwanzoni, maana ofisini haikutumika. Kisha nikageuza: "Ng'ombe wako atarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Karani mkuu aliliandika kwa ule mwandiko wake, akaliangalia, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Alhamdulillahi! Sentensi nzima, na haina hata neno moja la kuazima! Kisha atauliza nini?"

"Atauliza anafanywa nini."

"Atachomwa sindano ya dawa ya sotoka. Kisha?"

"Na ndama je? Na mwenye mimba?"

"Hilo sikulifikiria." Akaenda mwenyewe kumuuliza mchanjaji mkuu, akarudi na jibu na kuliandika. Mchana wote tulikuwa hivyo, mimi shangazi, yeye kalamu. Tulibishana. Yeye alitaka "maradhi", mimi nikataka "ugonjwa", akanikubalia. Mimi nilitaka kuandika "msiogope", akakataa.

"Ukimwambia mtu asiogope anaanza kuogopa. Mwambie kitakachotokea, hofu itajiondokea."

Nikaona amesema kweli. Tarehe pia ilitusumbua. Nani kule alikuwa na kalenda? Mwishowe tukaandika "siku ya pili baada ya mnada, jua likianza kupanda", kwa sababu mnada kila mtu aliujua. Nilikuwa nimechangamka hata sikukumbuka kula. Sikuwahi kujua kwamba kazi ya kuandika inaweza kumtoa mtu jasho na kumchekesha kwa wakati mmoja.

Tulipomaliza nilidhani tupige chapa. Karani mkuu akasema bado. Aliikunja rasimu, akaniambia nimfuate, tukaenda sokoni. Alimsimamisha muuza nyama. Akamsimamisha mama wa vitumbua. Akamsimamisha mchungaji mmoja wa ng'ombe, Mnyiramba aliyekuja kutoka njia ya Kiomboi na bado ana vumbi la safari. Kila mmoja tulimsomea mara moja tu, kisha karani mkuu akasema, "Haya, nirudishie kwa maneno yako."

Muuza nyama alirudisha vizuri. Mama wa vitumbua alirudisha vizuri, akaongeza kwamba ng'ombe wasinyweshwe maji asubuhi hiyo.

"Hilo umelitoa wapi?" karani mkuu aliuliza.

"Si mmesema waje jua linapanda? Watakunywa saa ngapi?"

Tukatazamana. Mto ulikuwa upande wa pili wa kijiji. Tukaongeza mstari: "Wanyweshe kwanza, kisha walete." Mchungaji wa Kiomboi aliuliza kama tangazo linahusu na kwao, na aliposikia bado, akasikitika waziwazi. Karani mkuu alitembea kurudi ofisini akipunga mikono kama kijana.

Ilibaki sahihi ya Bwana Mifugo. Alilisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akauliza kwa Kiingereza iko wapi sheria, na iko wapi adhabu. Mimi nilisimama mlangoni. Karani mkuu, ambaye siku zote alijibu "Ndiyo, Bwana" na kuinama, safari hii alisimama wima. Alimweleza kwa Kiingereza chake cha utulivu habari ya neno kukabidhi, na ng'ombe wa vita, na mzee aliyemwacha mkongwe wake mtini.

"Neno hilo nililichagua mimi, Bwana," alisema. "Nipe siku moja nilirekebishe. Askari watakuwepo bado baada ya hapo."

Bwana Mifugo alilirudia tangazo tangu mstari wa kwanza. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi, na chini yake akaongeza kwa mkono wake, kwa Kiswahili chake: "Mimi nakuja mwenyewe." Karani mkuu alinitazama kwa jicho la pembeni. Sarufi ile hatukuigusa. Niliipiga chapa kama ilivyo, na nakala ikapelekwa Mungaa kusomwa barazani.

Siku ya pili baada ya mnada tuliondoka Singida alfajiri. Nilikuwa nyuma kwenye gari na masanduku kama mara ya kwanza. Karani mkuu, ambaye safari hii hakuagizwa, aliomba kwenda. Alivaa viatu vyake vizuri kabisa, akaketi nyuma na mimi, akishika kofia isipeperushwe na upepo.

Tulipokaribia Mungaa niliona vumbi. Nilidhani ni kimbunga kidogo, vile vya kiangazi. Lakini halikuzunguka, lilikuja. Kisha nikasikia filimbi za wachungaji, kengele, na ule mlio wa chini wa ng'ombe wengi wanaotembea pamoja, ambao mtu huusikia miguuni kabla haujafika masikioni. Walitoka kila upande, kutoka nyuma ya mawe, kutoka porini, wekundu, weusi, wenye mabaka, ndama wakikimbia pembeni. Nilisimama kwenye gari nikapiga kelele, sijui nilisema nini. Karani mkuu alinishika mkono akawa anarudia, "Wanakuja, mwanangu. Wanakuja. Wamelisoma. Wamelisoma!"

Na Bwana Mifugo, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alisimamisha gari katikati ya njia, akateremka na kupunga kofia yake kwa ng'ombe, kana kwamba nao ni watu.

Kazi ilianza mara moja. Ng'ombe waliingia kichochoroni, wakachomwa, wakatoka upande wa pili wakitikisa vichwa, na wenyewe wakawapokea palepale. Hilo ndilo watu walilolitazama kwa makini: kwamba anapokewa palepale. Wa kwanza walipoondoka na ng'ombe wao, waliobaki wakaanza kusukumana wafike mbele. Shangazi alikuja na wake wote, ameshika fimbo, akiwatukana wasiokaa mstari. Aliponipita alisema tu, "Sasa mmesema."

Kabla ya adhuhuri mchanjaji mkuu alikuja kwa Bwana Mifugo na uso mzito. Dawa ilikuwa inakwisha. Tulileta kiasi cha ng'ombe tuliowatarajia, na hatukutarajia hawa. Dawa nyingine ilikuwa Singida, ndani ya jokofu la mafuta ya taa. Bwana Mifugo akanigeukia. "Andika. Dereva peleka. Haraka!"

Nikaweka karatasi juu ya sanduku, nikaandika: "Tafadhali leta dawa nyingine upesi sana." Nikamkabidhi dereva. Karani mkuu akainyakua njiani.

"Dawa ipi? Jokofuni kuna ya sotoka na kuna ya kimeta. Ataleta ipi? Kiasi gani? Ataibebaje kwenye jua hili?"

"Lakini Bwana amesema haraka."

"Haraka ni gari likirudi na kitu chenyewe. Kaa, andika tena."

Nilikaa. Niliwaza mtunza stoo akiwa amesimama mbele ya jokofu lililo wazi, karatasi mkononi, mimi sipo wa kumweleza. Nikaandika: "Dawa ya sotoka, rafu ya juu. Siyo ya kimeta. Lete chupa zote zilizopo. Zipange ndani ya zile termosi za chai zilizo kabatini, na barafu. Mpe dereva huyu. Ng'ombe wanangoja." Karani mkuu alisoma mara moja, akarudisha bila kuongeza nukta. Kwa furaha nusura nikimbie nyuma ya gari mpaka Singida.

Kungoja kulikuwa kugumu. Jua lilikuwa kali, ng'ombe wakaanza kuhangaika, na nilimsikia mtu mmoja akisema labda warudi nyumbani. Karani mkuu akaenda katikati yao, na mimi pembeni yake nikitafsiri, akawaambia ukweli wote: dawa imekwisha kwa sababu mmekuja wengi, gari limekwenda, litarudi kabla jua halijashuka. Hakupamba. Wakakaa. Wanawake wakaleta togwa, na Bwana Mifugo akapewa kibuyu, akanywa mpaka chini.

Gari lilirudi na termosi zimejaa. Mchanjaji mkuu alifungua ya kwanza, akasoma kibandiko, akainua juu ili mimi nione. Ilikuwa ya sotoka, na baridi bado. Niliruka. Niliruka kweli, na viatu vya kufunga kamba, mbele ya wazee wa kwetu.

Ng'ombe wa mwisho alitoka kichochoroni jua likiwa limekuwa jekundu. Sotoka iliteremka msimu ule kama walivyosema. Ilipita vijiji kadhaa na kuacha maumivu, lakini mazizi ya Mungaa yaliendelea kulia asubuhi kama kawaida. Baba yangu alikuja mjini kwa miguu kunieleza hilo, ingawa nilikwisha kulijua, na aliponieleza hakushusha sauti.

Baada ya hapo Bwana Mifugo hakutoa tena tangazo bila kuuliza kwanza, "Umesomea watu sokoni?" Karani mkuu aliendelea kuandika barua zake tamu kwa wakubwa wa Dodoma, maana kule zilihitajika. Lakini matangazo ya vijijini tulikaa nayo wawili, yeye na kalamu, mimi nikiwa shangazi, au mchungaji, au jumbe mwenye haraka. Aliniachia niyaanze peke yangu, kisha niyamalize peke yangu.

Safari iliyofuata ilikuwa Kinyangiri. Kule wanasema Kinyiramba, ambacho sikukijua vizuri, kwa hiyo karani mkuu alimtafuta yule mchungaji wa njia ya Kiomboi na kumpandisha garini pamoja nasi. Tuliondoka asubuhi yenye upepo. Kabla hata hatujatoka mjini karani mkuu alikwisha kumgeukia, karatasi tupu gotini.

"Mama yako," alimwuliza, akipaza sauti kushinda injini, "ukimwambia habari za kuchanja, atauliza nini kwanza?"

Mchungaji alifikiri kidogo. "Atauliza nani amekutuma."

Mimi na karani mkuu tukaanza kucheka. Halikuwa swali la shangazi hata kidogo. Ilitubidi tuanze upya.